Nguzo Zisizo na Majina: Makaburi ya Kale ya Pwani ya Waswahili

Mwaka 1934 nguzo ya kaburi la Mambrui ilianguka. Ilikuwa imesimama kwa karne kadhaa katika kijiji hicho cha kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na mafundi wake waliipamba kwa mabakuli ya kaure yaliyofinyangwa Uchina katika zama za wafalme wa Ming. Mtaalamu wa kaure akilishika bakuli la namna hiyo huweza kukwambia limetoka tanuri za jimbo gani na za karne ipi. Ukimuuliza aliyezikwa chini yake alikuwa nani, mwana wa nani, aliuza nini na alifariki lini, hana jibu, kwa kuwa nguzo nyingi za aina ile hazikuandikwa jina.

Makaburi ya nguzo yametapakaa pwani yetu kuanzia kusini mwa Somalia hadi visiwa vya Kilwa. Yako Takwa, Gedi, Malindi, Mnarani na Mombasa. Yako Tongoni karibu na Tanga, Ras Mkumbuu kisiwani Pemba, Kaole jirani na Bagamoyo, Kunduchi, na Songo Mnara. Waislamu wa Misri, Uturuki, Uajemi na Bara Hindi walijenga kuba, wakachonga marumaru, wakaandika mashairi juu ya mawe ya makaburi yao, lakini umbo hili la ukuta mfupi uliozunguka kaburi na nguzo iliyochomoza juu kuelekea mbinguni ni la watu wa pwani hii. Kwa muda mrefu limetazamwa kama fumbo la wafu. Mimi naamini lilikuwa jambo la walio hai: ukoo uliokuwa na nyumba ya mawe mjini ulisimamisha nguzo ili kila mtu aone kwamba wazee wao wamelala hapa, na kwa hiyo mji huu ni wao.

Tuanze na jiwe, maana ndilo lililotangulia. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba Mtume alipomzika Uthman bin Madh'un alibeba jiwe kwa mikono yake, akaliweka upande wa kichwa cha kaburi, apate kulitambua kaburi la ndugu yake na kuwazika karibu naye watu wa ahali yake watakaofariki baadaye. Sababu za mshahadi wa Kiislamu, yaani jiwe la kichwani pa kaburi, zimo katika kisa hicho, nazo ni mbili: kutambua, na kukusanya jamaa mahali pamoja. Lakini katika Sahihi Muslim zimo pia hadithi zinazokataza kaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa, na nyingine inayosimulia jinsi Ali alivyomtuma mtu akasawazishe makaburi yaliyoinuliwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wenyeji wa pwani, waliona kujengea kaburi ni makuruhu, na katika ardhi ya wakfu wa Waislamu wote wakaona ni haramu. Baina ya jiwe lile na makatazo haya, Waislamu wa kila nchi walijitafutia njia.

Njia ya kwanza iliyoenea ilikuwa maandishi. Jiwe la kaburi la Kiislamu la kale zaidi lenye tarehe linalojulikana lilipatikana Misri, nalo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu mjini Cairo. Ni la Abdulrahman bin Khair al-Hajri, aliyefariki mwaka 31 Hijria, yaani 652 Miladia, miaka isiyofika ishirini na mitano baada ya Mtume kufariki. Halina pambo. Lina jina, tarehe, na ombi kwa atakayelisoma amtakie marehemu maghfira na aitikie Amina. Aswan, kusini mwa Misri, mawe ya namna hiyo yalifika maelfu katika karne zilizofuata. Istanbul ya Waturuki wa Othmania ilikwenda mbali zaidi: jiwe la mwanamume lilichongwa kilemba juu yake, na kwa umbo la kilemba mpita njia alijua kama marehemu alikuwa kadhi, askari au mtu wa tarika. Sultani Mahmud II alipowavisha watumishi wake tarbushi mwaka 1829, tarbushi nazo zikaanza kuota juu ya makaburi.

Cambay, bandari ya Gujarat, iliifanya kazi hiyo kuwa biashara ya bahari nzima. Mafundi wake walichonga marumaru nyeupe kwa aya na mapambo, na pambo walilolipenda kuliko yote lilikuwa taa inayoning'inia ndani ya tao, ishara ya Aya ya Nuru katika sura ya 24. Mawe hayo yalipakiwa majahazini pamoja na vitambaa na shanga. Moja lilikwenda Dhofar, juu ya kaburi la mtawala wa ukoo wa Rasuli, al-Wathiq Ibrahim, aliyefariki 1311. Mengine yalifika Gresik kisiwani Java, kwa kaburi la Malik Ibrahim la mwaka 1419, na Pasai kule Sumatra, alikolazwa malkia Nahrasiyah mwaka 1428. Palepale Cambay lipo kaburi la Umar al-Kazaruni, tajiri mkubwa aliyefariki 1333. Vipande vya marumaru ya Cambay vimeonekana hata Mogadishu na Kilwa. Jambo hili lina uzito katika hadithi yetu. Matajiri wa Kilwa na Mogadishu waliyajua mawe ya Gujarat, na meli za Gujarat ziliwafikia kila mwaka na pepo za kaskazi. Kama wangetaka kila mwenye mali alale chini ya marumaru ya Wahindi, uwezo wa kununua ulikuwepo. Walio wengi walichagua matumbawe ya bahari yao.

Wala isidhaniwe kwamba pwani haikujua kuandika. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kibla cha msikiti kina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, yaliyochongwa juu ya matumbawe kwa ustadi ambao hata leo fundi atauonea kijicho. Mnarani, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, msikiti ulijaa maandishi ya kuchonga. Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mombasa, lipo kaburi lenye aya ya 185 ya Suratu Aal-Imran, ile inayokumbusha kwamba kila nafsi itayaonja mauti. Watu waliojenga haya yote walikuwa na kalamu, wino na mafundi. Nguzo zao zilipobaki bila jina, ni kwa sababu hawakuona haja ya jina.

Hebu tuliangalie kaburi lenyewe. Kutoka pwani ya Kenya na Tanzania, Makka iko karibu sawasawa na kaskazini, hivyo maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kaskazini, kichwa mashariki na miguu magharibi. Juu ya mwanandani ulijengwa ukuta wa mstatili, kiasi cha kimo cha kifua au chini yake, na upande wa mashariki, kichwani pa marehemu, ndiko mara nyingi uso wa kaburi ulikopambwa na nguzo ikapandishwa. Pembe za kuta ziliinuliwa kwa vidaraja, kimoja juu ya kingine. Kwenye uso wa mbele mafundi walizamisha vibao vya mstatili vyenye fremu, kimoja kando ya kingine, na baadhi yake vimefanana kabisa na mlango uliofungwa. Nguzo zenyewe hazikuwa za namna moja. Zipo za duara, za mraba, za pembe sita na za pembe nane, na zipo zilizochongwa mifuo kutoka chini hadi juu, kama ile ya Gedi. Nguzo ya Mbaraki mjini Mombasa, karibu na msikiti wa kale, ina kimo cha mita 14 hivi.

Vifaa vilitoka baharini. Matumbawe laini yalikatwa chini ya maji yakiwa bado hai. Yakiwa mabichi hukatika na kuchongeka bila taabu, na yakishakauka juani huwa magumu. Kwa ajili ya mapambo, fremu na maandishi, hayo ndiyo yaliyotumika. Kuta zilijengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, yaliyovunjwavunjwa na kushikizwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilichomwa kwa kupanga magogo ya mikoko duara kwa duara, kurundika matumbawe juu yake na kuwasha moto, kisha majivu yale meupe yakaachwa yanyeshewe na mvua kwa miezi kabla hayajatumika. Kujenga kaburi moja la nguzo kulihitaji wapiga mbizi, wakata mikoko, wachoma chokaa, waashi na wachongaji. Mtu wa kawaida hakuweza kumudu gharama hizo, na watu wa kawaida walizikwa bila ya haya yote, chini ya kichuguu cha udongo na mawe mawili.

Mwenye kuyafahamu majumba ya mawe ya Lamu, Pate na Siyu atashtuka akisimama mbele ya uso wa kaburi la nguzo, kwa sababu amekwisha kuuona. Vibao vilivyozamishwa, fremu za chokaa iliyochongwa, vidaraja, mashimo ya duara ya kuwekea vyombo: ni ukuta wa zidaka, ule ukuta wa chumba cha ndani ambako mwenye nyumba alipanga sahani na mabakuli yake ya kaure, mgeni aliyeruhusiwa kufika huko akajua ameingia katika nyumba ya watu. Chumba cha ndani ndicho walimozaliwa watoto na ndimo walimotayarishwa maharusi. Kaburi lilichukua uso wa chumba hicho likautoa nje, mbele ya macho ya mji. Kilichofichwa kwa walio hai kikatangazwa kwa wafu.

Mabakuli nayo yanafuata mantiki hiyohiyo. Kaole na Kunduchi yalipachikwa kwenye nguzo na kwenye kuta za makaburi, mengine ya rangi ya kijani kutoka tanuri za Longquan, mengine meupe yenye nakshi za buluu kutoka Jingdezhen. Yalifika mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, bandari kwa bandari, kwa karne nyingi kabla na baada ya majahazi ya amiri Zheng He kuitembelea Malindi na twiga wa Malindi kufikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipotembelea pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alistaajabu kwamba maishani mwake hajapata kuona vigae vingi vya kaure kama alivyoviona katika safari ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Kaure ilikuwa mali, lakini katika nyumba za pwani ilikuwa pia kinga. Wazee walisema sahani iliyotundikwa ukutani hulivuta jicho la hasidi, na ikipasuka yenyewe basi imebeba shari iliyokuwa imwangukie mtu. Bakuli juu ya kaburi lilifanya kazi zote mbili. Lilisema kwamba hapa amelala mtu wa nyumba iliyofika Uchina kwa biashara yake, na liliukinga ukoo wake dhidi ya macho ya wanaopita.

Kwa nini basi nguzo? Baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni walikimbilia kusema kwamba ni ishara ya uume, desturi waliyodai imetoka kwa Waoromo wa kaskazini. Wengine walisema ni mnara wa msikiti uliopunguzwa. Nadharia ya kwanza naiona nyepesi. Inamtazama Mswahili kama mtu aliyeazima kila kitu bila kufikiri. Ya pili ina tatizo lake: misikiti ya kale ya pwani kwa kawaida haikuwa na minara, kwa hiyo ni vigumu kaburi kuiga kitu ambacho mji haukuwa nacho. Nguzo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko kila kitu mjini. Kama tunatafuta jamaa zake, wako karibu. Wagiriama na Wamijikenda wengine, majirani wa Gedi na Mnarani, huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, mbao ndefu zilizochongwa ambazo huwakilisha roho ya mzee na kumweka karibu na watu wake. Sisemi kwamba nguzo ya Gedi ilizaliwa na kigango, wala kigango na nguzo. Nasema kwamba katika nchi hii, pande zote mbili za msitu, kusimamisha kitu wima kwa ajili ya mzee aliyefariki lilikuwa jambo linaloeleweka bila maelezo. Muislamu wa mjini aliweza kulifanya kwa chokaa na kibla, na asione kwamba ametoka katika dini yake.

Ushahidi wa namna watu walivyoishi na makaburi haya umetoka Songo Mnara, kisiwa kilicho jirani na Kilwa Kisiwani. Mji huo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ulidumu kwa vizazi vichache tu, na kwa sababu hiyo haukufunikwa na mji mwingine. Kuanzia 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba humo kwa miaka kadhaa, wakatazama zaidi ya kuta za nyumba na misikiti. Walikagua pia uwanja ulioachwa wazi katikati ya mji. Katika uwanja huo mna makaburi. Wajenzi wa Songo Mnara waliwaacha wazee wao katikati ya makazi, nyumba za mawe zikiwazunguka, milango ikiwaelekea. Kando ya makaburi wachimbaji walikuta sarafu za shaba za Kilwa na vijiwe vidogo vyeupe vya kwatzi, vitu vilivyoachwa na wageni wa kaburi, mmoja baada ya mwingine. Hizo ni ziara. Mtu alitoka nyumbani kwake asubuhi, akavuka kiwanja, akasimama kwa babu yake, akasoma alichosoma, akaacha kitu. Mtoto aliyekuwa amemshika mkono aliona na kusikia. Jina halikuhitaji kuchongwa kwenye jiwe pale lilipotamkwa namna hii kila wiki.

Hapa ndipo ninapoona jibu la nguzo zisizo na majina. Mji wa Kiswahili wa wakati huo ulikuwa mdogo, na kila ukoo ulikuwa na mtaa wake, msikiti wake na makaburi yake. Aliyekuwa mwenyeji alijua nguzo ile ni ya nani. Aliyekuwa hajui, basi kwa kutojua kwake alijulikana kuwa mgeni, na mgeni hakuwa na haki ya shamba, kisima wala neno katika baraza. Jiwe la Cairo liliandikwa kwa ajili ya mpita njia asiyemjua marehemu. Nguzo ya Gedi ilijengwa kwa ajili ya watu waliomjua, na ili wasiomjua waone kwamba yuko.

Utafiti mwingine umeongeza jambo juu ya waliolala humo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliofariki kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Upande wa uzazi wa mama, karibu wote walikuwa wa asili ya Kiafrika. Upande wa baba, katika miji ya kaskazini hasa, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mijadala ya nani Mswahili wa kweli imekuwa na sumu tangu ukoloni, na matokeo haya hayataimaliza. Lakini katika Lamu na Pate nyumba ya mawe hupewa binti anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Kama nyumba ni ya akina mama, na kaburi limejengwa kwa sura ya nyumba, basi baba aliyetoka ng'ambo alizikwa, kwa maana moja, kwa wakweze. Nguzo ilimtangaza kwamba amekubaliwa.

Makaburi machache yameandikwa tarehe, na tarehe hizo ni hazina. Gedi, mji uliozama msituni karibu na mkono wa Mida, Wareno hawakuutaja kamwe kwa jina ingawa walikaa Malindi jirani yake kwa karibu miaka mia moja. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948 alikuta kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kwa tarehe hiyo moja, iliyoachwa na wenyeji wenyewe, aliweza kupanga umri wa vigae na kuta za mji mzima. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tongoni haikupata bahati hiyo. Hapo zamani pakiitwa Mtangata, ndipo panapohesabiwa kuwa na nguzo nyingi za makaburi kuliko mahali pengine popote pwani. Karibu na hapo meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye miamba mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi Ureno bila mabaharia wa kutosha, aliichoma moto kwenye maji hayohayo. Wenyeji waliouona moto ule walikuwa na nguzo za wazee wao nyuma ya migongo yao. Msafiri Richard Burton alipopita mwaka 1857 alikuta magofu, akayaandika. Tangu hapo nguzo nyingi zimelala chini, moja baada ya nyingine. Chumvi huila chokaa, mizizi ya mikuyu hupasua kuta, na mikono ya watu imefanya yake: Kunduchi na Kaole utaona mashimo mengi ya duara, safi, ambamo mabakuli yaling'olewa yakaenda kuuzwa. Bakuli liking'olewa linabaki bakuli tu, mfano wa mengine maelfu yaliyomo katika makabati ya Ulaya. Likiwa ukutani lilikuwa tarehe ya kaburi na sifa ya aliyelala.

Ujenzi wa nguzo ulififia taratibu. Kunduchi walizijenga hadi karne ya 18, lakini karne ya 19 ilikuja na utawala wa Waomani wa Zanzibar, na wenye nguvu mpya walikuwa Waibadhi, watu wasiopenda kaburi lipambwe. Sultani wao Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akazikwa Makusurani, mjini Unguja. Mwanawe Majid alianza kumjengea kuba, lakini wanazuoni wa Kiibadhi walipinga, kazi ikasimama, na kuta zile zimebaki bila paa hadi leo. Katika mji ambao sultani mwenyewe hakuruhusiwa kuba, jamaa wa pwani hawakuwa na sababu tena ya kushindana kwa nguzo. Heshima ikahamia kwenye milango ya kuchonga na kwenye kanzu.

Hata hivyo nguzo zilizobaki hazikuachwa peke yake. Mbaraki watu wameendelea kuchoma ubani na kumimina marashi. Kaole wapo wanaofika kwenye kaburi la Sharifa kuomba dua. Wapo Waislamu, tena wengi siku hizi, wanaoliona jambo hilo ni bidaa, na hoja yao ina mizizi katika hadithi zilezile nilizozitaja. Mjadala huo ni wa wenye dini na utaendelea. Linalonihusu hapa ni kwamba wanaokwenda huenda kwa jamaa zao, na mahali ambapo hilo liko wazi zaidi ni Takwa.

Takwa ni mji wa kisiwa cha Manda, uliokaliwa yapata mwaka 1500 hadi 1700. Nje ya ukuta wake, kaskazini, lipo kaburi lenye nguzo na tarehe ya 1094 Hijria, ambayo ni 1683 Miladia. Mji ulipohamwa, pengine kwa sababu maji yalikuwa ya chumvi mno, watu wake walivuka mlango wa bahari wakaenda Shela, kisiwani Lamu, na wajukuu wao wapo huko. Mvua inapochelewa, watu wa Shela wamezoea kupanda mashua maji yakiwa yamejaa, kwa sababu mkono wa Takwa ukikupwa haupitiki, wakaenda kusoma dua penye nguzo ile. Serikali inapahesabu Takwa kuwa gofu na hutoza kiingilio. Watu wa Shela wanapajua kuwa kwao, na wakiulizwa ushahidi wao ni upi, huionyesha nguzo.